Mtoki wa mama: je, tukubali apasuliwe?

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye binti wa pekee katika familia ya watoto wanne. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu tumegawanyika, na siku ambayo daktari anataka kupewa jibu inakaribia.

Mama yetu ana umri wa miaka 61. Maisha yake yote amechuuza dagaa, ambao huku tunawaita mukene, akiwanunua ufukweni Majanji na kuwaleta sokoni. Miaka miwili iliyopita alitokwa na doa jeusi kwenye kisigino cha mguu wa kushoto. Halikumwasha wala kumuuma, naye akadhani ni damu iliyovia baada ya kukanyaga jiwe. Lilipoanza kupasuka na kutoa majimaji alikwenda kwenye kliniki moja ya binafsi, wakalikata, wakafunga bendeji, na kile kinyama wakakitupa bila kukipeleka maabara. Sisi hatukujua kwamba kilipaswa kupimwa. Kidonda kilikaa miezi mingi bila kupona, tukawa tunakinyunyizia unga wa kapsuli na dawa za miti. Mwezi wa pili mwaka huu mama aliniita chumbani akaniambia, "Nina mtoki usiopoa." Nilipomgusa kinenani nilikuta uvimbe mgumu wa ukubwa wa yai la njiwa, usiouma hata ukibonyezwa.

Tulipelekwa Kampala. Huko walikata kinyama kisiginoni, kisha wakachoma sindano nyembamba kwenye mtoki na kuvuta seli za kupima. Majibu ya vipimo vyote viwili yalisema ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Daktari wa upasuaji anataka kisigino kikatwe upya kwa upana na kuzibwa kwa ngozi ya paja, na tezi zote za kinena upande huo ziondolewe. Alituandikia pia picha ya CT, lakini bado hatujaipiga kwa sababu fedha zetu ziliishia kwenye vipimo vya mwanzo.

Kaka yetu mkubwa anapinga. Rafiki yake aliyeko ng'ambo alimtumia taarifa ya utafiti inayosema kwamba kuondoa tezi zote hakumwongezei mgonjwa wa melanoma maisha, bali kunamwachia mguu uliovimba kama matende. Anasema pia kwamba melanoma ni ugonjwa wa jua unaowapata wazungu, hivyo huenda maabara imekosea. Mjomba naye anasema kisu kikigusa saratani huiamsha, na anamtaja jirani aliyepasuliwa titi akafariki baada ya miezi michache.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Daktari alizungumza Kiingereza na mimi ndiye niliyemfasiria mama, lakini kaka alikuwa amenikataza kwa simu nisimwambie neno saratani. Nilimwambia ni kidonda kibaya kinachohitaji matibabu makubwa. Kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, yule daktari alisema nini hasa?" Je, Shangazi, tukubali upasuaji huu?

Mwalimu, Busia

*

Mwalimu, mwanangu,

Salamu zako zimenifikia. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti mbele ya daktari mpasuaji niliyefanya naye kazi wodini nilipokuwa muuguzi, kwa sababu sitaki kukupotosha katika jambo zito kama hili. Sijamwona mama wala sijafungua faili lake, na neno la mwisho kuhusu mwili wake litatoka kwa wanaomtibu na kwake yeye mwenyewe. Lakini swali lako lina jibu, na nitakupa lote.

Nianze na kaka yako, kwa sababu hakudanganywa. Utafiti alioletewa upo, ni wa kweli, na ulibadilisha kazi ya wapasuaji duniani kote. Tatizo ni kwamba wagonjwa waliochunguzwa humo hawakuwa na hali aliyo nayo mama yenu, na ili uweze kumweleza kaka tofauti hiyo, lazima kwanza nikueleze tezi hizi zina kazi gani.

Mwilini mna maji yanayochujwa kutoka kwenye nyama na kurudishwa kwenye damu kupitia mishipa midogo sana ya limfu. Maji ya kisigino hupanda mguuni mpaka kinenani, na hapo hukutana na tezi za limfu, ambazo hufanya kazi kama wavu: hunasa vijidudu na takataka kabla maji hayajaendelea na safari. Ndiyo maana mtu akiwa na kidonda mguuni huota mtoki, na kidonda kikipona mtoki nao hupoa. Seli za melanoma zikibanduka kwenye doa la kisigino hufuata njia hiyohiyo na kunaswa pale pale, lakini zenyewe hazifi. Huanza kuzaana ndani ya tezi, na mtoki wa namna hiyo haupoi, huwa mgumu, na mara nyingi hauumi. Kumbe maneno ya mama chumbani, kwamba ana mtoki usiopoa, yalikuwa maelezo sahihi ya ugonjwa wake kabla ya daktari yeyote kumgusa.

Sasa kuna wagonjwa ambao hawana mtoki wowote wa kushikika. Wana doa la melanoma tu, na daktari anataka kujua kama seli zimeanza safari. Mwaka 1992 mpasuaji wa Marekani, Donald Morton, na wenzake walichapisha njia ya kulijua hilo bila kuchimbua kinena chote: hudungwa rangi ya buluu karibu na doa, na siku hizi huongezwa dawa yenye mionzi hafifu, kisha mpasuaji hufuatilia rangi na mionzi mpaka kwenye tezi ya kwanza inayopokea maji ya sehemu ile. Tezi hiyo, tuiite tezi mlinzi, hutolewa peke yake na kuchunguzwa kwa darubini. Kwa miaka mingi, seli chache za melanoma zikionekana humo, mgonjwa alirudishwa chumba cha upasuaji na tezi zote za eneo lile zikaondolewa.

Hilo ndilo lililochunguzwa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2016, na mwingine mkubwa zaidi wa mwaka 2017 uliokusanya wagonjwa zaidi ya 1,900 wa nchi mbalimbali, ulichukua watu ambao tezi mlinzi yao ilikutwa na seli za melanoma, ukawagawa kwa kura. Nusu waliondolewa tezi zote zilizobaki, na nusu waliachwa wakafuatiliwa kwa altrasaundi, kila baada ya miezi 3 au 4 katika miaka 2 ya kwanza. Katika ule utafiti wa 2017, baada ya miaka 3, walionusurika na kifo cha melanoma walikuwa asilimia 86 katika kila kundi. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye viungo vyao: uvimbe wa kudumu wa mkono au mguu ulionekana kwa asilimia 24 ya walioondolewa tezi zote, na kwa asilimia 6 tu ya waliofuatiliwa. Hizo ndizo habari za kaka yako, na kwa wagonjwa hao ni habari njema, maana wamepunguziwa kisu kisicho na faida.

Lakini ugonjwa wa tezi za wale ulikuwa mdogo kiasi cha kutafutwa kwa darubini. Ugonjwa wa mama uligunduliwa kwa vidole vyako, mwanangu. Tezi yenye ukubwa wa yai la njiwa imekwisha kujaa, na hakuna mtu katika tafiti zile aliyekuwa na tezi ya namna hiyo akaachwa nayo ifuatiliwe tu. Kwa mgonjwa ambaye melanoma imefika kwenye tezi zinazoshikika na haijafika mbali zaidi, kuondoa tezi zote za eneo lile bado ni sehemu ya tiba, Kampala hata London. Mpasuaji wenu hakukosea, wala hajapitwa na wakati. Msomee kaka yako aya hii polepole, kwa sababu naamini anampenda mama kama unavyompenda wewe, na mtu aliyesoma jambo la kweli akalitumia mahali pasipo pake hastahili kushindwa kwa kelele.

Aulize pia tezi hiyo ikiachwa itakuwaje. Nimewauguza wagonjwa waliochelewa. Mtoki hukua mpaka ngozi ya kinena inang'aa na kuwa nyembamba, kisha hupasuka, na hapo huja damu, usaha na harufu inayomfanya mgonjwa aone haya hata mbele ya wajukuu wake. Tezi zilizokua hivyo huugandamiza mshipa mkubwa wa damu, na mguu huvimba vilevile, pengine kuliko ambavyo ungevimba kwa upasuaji. Ule uvimbe unaoogopwa haukwepeki kwa kumwacha mama na mtoki wake.

Kuhusu wazungu na jua, nitasema machache. Ni kweli kwamba watu weupe hupata melanoma nyingi zaidi, na jua ndilo kisababishi chao kikubwa. Kwetu ugonjwa huu ni nadra, lakini unapokuja hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, mahali ambapo jua halina kazi. Hapa Uganda jambo hilo lilichunguzwa zamani, na makala kuhusu melanoma ya unyayo nchini mwetu ilichapishwa mwaka 1967, mwaka uleule ilipoanzishwa taasisi ambayo leo tunaiita Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Maabara imepima sehemu mbili za mama, kisigino na mtoki, na majibu yamekubaliana. Sioni sababu ya kuyatilia shaka.

Kwa mjomba wako nina heshima, na hofu yake naijua, kwa maana nimeisikia vijijini na hata ndani ya wodi. Kisu hakiamshi saratani. Kinachotokea ni kwamba wagonjwa wetu wengi hufika kwenye kisu wakiwa wamechelewa, seli zikiwa zimekwisha kuenda kwenye mapafu au maini bila mtu kujua, kisha ugonjwa unapojitokeza huko, kisu ndicho kinacholaumiwa kwa sababu ndicho kilichoonekana. Jirani yenu wa titi huenda alikuwa katika hali hiyo. Hata hivyo mjomba ana haki katika jambo moja: kisu kisichojua kinachokata kina madhara. Kliniki ile iliyokata doa la mama na kukitupa kinyama iliwapotezea muda ambao hauwezi kurudishwa, na nimeumia kuisoma sentensi ile. Kinyama chochote kilichokatwa kutoka doa jeusi la unyayo kinapaswa kuwekwa kwenye chupa yenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na kupelekwa maabara, hata kama mkataji ana hakika kwamba si kitu. Nanyi msimruhusu mtu mwingine aupasue ule mtoki pale Busia ili "kutoa usaha". Sindano nyembamba imekwisha kutupa jibu, na mtoki uliochokolewa ovyo humharibia kazi mpasuaji atakayekuja kuutoa wote.

Hapa sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko ugomvi wenu wote. Picha ya CT ipigwe kabla ya upasuaji. Najua fedha zimekwisha, na najua ni rahisi kufikiri kwamba afadhali shilingi zilizobaki ziende kwenye upasuaji wenyewe. Msifanye hivyo. Uamuzi wa kuondoa tezi zote una maana ikiwa ugonjwa umeishia kinenani, ambayo ndiyo hatua ya tatu. Ikiwa picha itaonyesha vivimbe kwenye mapafu, maini au ubongo, hiyo ni hatua ya nne, na mpango hubadilika: kinachotakiwa hapo ni dawa zinazofika mwili mzima, na kisu cha kinenani hutumika tu kama mtoki unamtesa, unatoka damu au umekaribia kupasuka, au kama vivimbe ni vichache kiasi kwamba vyote vinaweza kutolewa. Kumfanyia mama upasuaji mkubwa wa kinena, alale wiki kadhaa akiuguza kidonda, kisha ndipo mgundue kwamba mapafu yalikuwa yameguswa tangu mwanzo, hilo ndilo ninaloliogopa. Wana wanne wanaotofautiana wanaweza bado kukubaliana kuchanga kwa ajili ya kipimo kimoja, kwa kuwa kitamfaa anayetaka upasuaji na asiyeutaka. Mkifika hospitali ulizeni pia ofisi ya ustawi wa jamii, kwa sababu wao ndio wanaojua ni gharama gani inaweza kupunguzwa.

Usiyasome maneno "hatua ya tatu" kama hukumu. Hatua hiyo ina mafungu manne, na takwimu za kimataifa, ambazo zimetoka zaidi kwenye nchi zenye dawa na vipimo vyote, zinaonyesha kwamba watu wasiouawa na melanoma ndani ya miaka 5 ni asilimia 93 katika fungu jepesi na asilimia 32 katika fungu zito. Mama hayumo kwenye fungu jepesi, kwa kuwa tezi yake inashikika, na sitakuficha hilo. Fungu lake halisi litategemea unene wa doa la kisigino, kama lilikuwa na kidonda juu yake, na idadi ya tezi zitakazokutwa na ugonjwa. Upasuaji ndio utakaoyajibu haya, maana kila tezi itakayotolewa itahesabiwa na kuchunguzwa maabara.

Kuna swali ambalo hamkumwuliza daktari, nami naomba mkamwulize. Katika miaka ya karibuni imeonekana kwamba mgonjwa mwenye tezi zinazoshikika hunufaika zaidi akitangulizwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili kabla ya kisu. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023, wagonjwa 313 walipewa pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo. Wengine waliianza baada ya upasuaji, na wengine walipewa dozi 3 kwanza, kisha wakapasuliwa, kisha wakamalizia dozi zilizobaki. Baada ya miaka 2, waliokuwa hawajarudiwa na ugonjwa wala kupatwa na baya jingine walikuwa asilimia 72 kwa waliotangulizwa dawa, na asilimia 49 kwa walioanzia kwenye kisu. Utafiti mwingine wa mwaka 2024, uliotumia dawa mbili kwa pamoja, ipilimumabu na nivolumabu, ulionyesha mwelekeo huohuo. Sababu inaeleweka: tezi iliyojaa ugonjwa ikiwa bado mwilini, askari wa kinga hupata mahali pa kumjifunzia adui, na wakishamjua humfuata popote alipojificha. Ukiiondoa tezi kwanza, umewaondolea darasa.

Kaka yako akilisikia hili asilipokee kama ushindi wake, kwa sababu katika tafiti zote mbili tezi ziliondolewa baadaye. Kilichobadilika ni mpangilio. Nami nakuambia wazi mambo mawili yanayonizuia nisikupe tumaini kubwa mno. Melanoma ya unyayo kwa kawaida huitikia dawa hizi kwa unyonge kuliko ile ya wazungu inayotokana na jua. Pili ni bei: dozi moja ya pembrolizumabu nchini Marekani hutozwa zaidi ya dola 10,000, nayo hurudiwa kila wiki 3. Familia ya mchuuzi wa dagaa haiwezi kuuza shamba kwa dozi mbili na kushindwa ya tatu. Kwa hiyo waulizeni kama kuna mpango wowote wa msaada au utafiti unaoweza kumpokea mama, na kama kinyama chake kinaweza kupimwa mabadiliko ya vinasaba vya BRAF na KIT, kwa kuwa kuna vidonge vinavyolenga mabadiliko hayo. Wakijibu kwamba hakuna, msimcheleweshe mama kwa miezi mkiisubiri dawa isiyokuja. Upasuaji mzuri unaofanyika kwa wakati bado ni tiba ya kweli, nao ulikuwa ukiwaponya baadhi ya watu miaka mingi kabla dawa hizi hazijagunduliwa.

Sasa niseme kuhusu mguu, kwa sababu hofu ya matende ina ukweli ndani yake, na mama atauliza. Mpasuaji hufungua kinena chini kidogo ya mkunjo wa paja, akatoa mafuta na tezi kama bonge moja, akiwa karibu kabisa na mshipa mkubwa wa damu wa mguu. Anapofunga, huacha mpira mwembamba unaotokeza nje na kuingia kwenye chupa, ili maji ya limfu yasiyo na njia tena yasijikusanye chini ya ngozi. Mpira huo huweza kukaa wiki mbili au tatu, na hutolewa maji yanapopungua na kubaki mililita 30 hivi kwa siku. Utafundishwa kuimwaga chupa hiyo na kuandika kiasi kilichomo, kwa hiyo nunua daftari dogo. Kidonda cha kinena ni kisumbufu kuliko vidonda vingi: pale pana unyevu, pana mkunjo, na kingo za ngozi huweza kuwa nyeusi na kufa kidogo. Usiogope ukiona hivyo, lakini usikae kimya. Mama atakuwa na ganzi sehemu ya mbele ya paja, na huenda ikadumu. Atatakiwa pia kuinuka na kutembea mapema kadiri upandikizaji wa ngozi ya kisigino utakavyoruhusu, ili damu isigande mguuni, na kwa sababu hiyohiyo anaweza kuchomwa sindano za kuzuia damu kuganda.

Baada ya hapo mguu unaweza kuvimba, si kwa kila mtu, lakini kwa wengi. Si matende yale yanayoletwa na minyoo na mbu, ingawa kwa macho yanafanana, na haiwi lazima ufikie ukubwa ule wa kutisha kama utatunzwa tangu siku za mwanzo. Soksi za kubana huvaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Mguu huinuliwa juu ya mto anapolala. Kubwa kuliko yote kwa mama yenu ni hili: asikanyage tena matope ya Majanji bila viatu vilivyofungwa. Mguu usio na tezi hauna mlinzi, na mchubuko mdogo wa gamba la samaki unaweza kuleta wekundu, joto na homa ndani ya siku moja. Akiona dalili hizo aende apewe antibayotiki siku hiyohiyo, si kesho yake, kwa sababu kila shambulio la namna hiyo huharibu mishipa ya limfu iliyobaki na kuuzidisha uvimbe. Wekeni utaratibu wa mtu mwingine kushuka ufukweni kununua, naye auze sokoni akiwa amekaa.

Nimeacha la mama mwenyewe mpaka hapa kwa kuwa ndilo zito, na kwalo sikubaliani na kaka yako hata kidogo. Mama lazima aambiwe. Mwili ni wake, kidole kitakachotia sahihi kwenye karatasi ya ridhaa ni chake, na mpasuaji mwaminifu hawezi kumkata mtu asiyejua anakatwa kwa ajili ya nini. Tena anajua tayari. Mzazi anayeuliza swali lilelile kila jioni hatafuti habari, anatafuta mtu wa kuzungumza naye, na ukimkwepa unamwacha peke yake na ugonjwa. Kwanza mpigie kaka simu, umwambie kwamba utamweleza mama siku fulani, na kwamba anakaribishwa awepo. Usimwombe ruhusa. Kisha keti na mama mahali penye utulivu, uanze na alichokwambia yeye. Unaweza kusema, "Mama, ule mtoki ulioniambia haupoi, umetoka kwenye lile doa la kisigino. Wamepima, wamekuta ni saratani. Kuna matibabu, na kabla ya kuamua wanataka kuona kama imekwenda mahali pengine." Ukifika hapo nyamaza. Usijaze kimya kwa maneno ya kufariji, mwache alie au aulize. Akisema hataki kujua zaidi na kwamba wewe na ndugu zako mwamue, hiyo nayo ni haki yake, lakini awe amesema mwenyewe.

Na akiwa na maumivu, sasa au baadaye, asivumilie. Hapa Uganda tuna mofini ya kunywa, na Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa na kuwapunguzia maumivu lililoanzishwa mwaka 1993, limewafundisha wauguzi wengi kuitumia vizuri. Huduma hiyo si ya wanaokata roho tu. Mgonjwa aliyepasuliwa na anayeendelea na tiba anaistahili pia.

Mtakaporudi Kampala na picha ya CT, nendeni wawili, wewe na kaka, ili asikie kwa masikio yake. Mwulizeni daktari ugonjwa umeishia wapi, kama dawa inaweza kutangulia, ataondoa tezi za kinenani peke yake au na zile za ndani ya nyonga, na nani atakayeufuatilia mguu baadaye. Majibu yake mwandikie mama kwa Kiswahili au Kisamia, kwa lugha anayoiota.

Jambo moja mnaweza kulifanya jioni hii. Azima utepe wa fundi cherehani, umpime mama miguu yote miwili: kwenye kifundo, kwenye shavu la mguu na katikati ya paja, ukihesabu sentimita kutoka gotini ili mpime pale pale kila mara. Andika namba hizo na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari. Siku mguu utakapoanza kuvimba, hata kwa sentimita mbili ambazo macho hayazioni, mtajua mapema.

Shangazi